Jina Yako Haiko ku Listi

Bukavu tuna nyumba za wazee, na hatupendi kuzitaja. Mtu atakuambia mama yake yuko kijijini Walungu, au amekwenda kwa dada yake Uvira, kumbe mama huyo yuko nyuma ya geti la masista, kilima cha pili kutoka hapo mlipokaa mkinywa chai. Tunaona aibu. Kila mmoja wetu amelelewa akiambiwa kwamba mzee hufia nyumbani, kati ya watoto na wajukuu, na kwamba kumpeleka kwa masista ni mambo ya Wazungu. Kisha mzee anavunjika nyonga. Vijana wote wanashinda mjini wakitafuta pesa, nyumba iko Cimpunda, mahali ambapo mvua ikinyesha hata kijana anashuka akishika ukuta. Familia inakutana Jumapili, inaongea mpaka usiku, na neno ambalo watu wanalizunguka tangu mchana linasemwa na yule asiye na haya.

Kwetu aliyelisema ni mimi, na silijutii. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na ninyi mnajua mwalimu wa Kongo anastaafu na nini. Mke wake alishafariki. Masista walimpokea, na haki lazima isemwe: alikula vizuri kuliko alivyokuwa akila kwetu, alifuliwa nguo, alilala kwenye chandarua kisicho na tundu. Sikuja hapa kuwasema vibaya. Nimekuja kuongea juu ya geti.

Mwanzoni geti halikuwa na shida. Unafika, unaandika jina kwenye daftari, unaingia, mzee anakulaumu kwamba umekawia, unakaa. Halafu siku moja mama yangu akapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, na kikapu chake, sombe ya majani ya muhogo chini, sambaza, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga juu, akafika, na mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akamwambia: "Mama, jina yako haiko ku listi." Listi gani? Hapakuwahi kuwa na listi. Mama alisimama pale kwenye jua mpaka akachoka, akampa mlinzi zile sambaza ili zisiharibike, akarudi kwa miguu kwa sababu hasira ilimsahaulisha kutafuta moto.

Nilipokwenda mwenyewe nikaelezwa. Mtoto wa mjomba, binamu yangu anayeishi Kinshasa na kulipa kila mwezi kwa simu, alikuwa ametuma ujumbe. Wanaoruhusiwa ni watatu: yeye, shemeji yake, na mchungaji mmoja. Wengine wote wasubiri ruhusa yake. Sista alinijibu kwa upole, huku akiendelea kukunja mashuka: "Mwenye kulipa njo anatuambia. Ile ingine muongee ninyi ba familia."

Sababu ni parseli. Mtu wa Bukavu amekwisha kuelewa, sihitaji kuandika zaidi, lakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali: mjomba ana kiwanja chenye hati kwa jina lake, katika mji ambao udongo unateremka ziwani na watu wanazidi kuongezeka, na kila kipande kilicho imara kina wanaokimezea mate. Binamu aliogopa kwamba shangazi yake, yaani mama yangu, angeingia na karatasi chini ya sombe. Siwezi kumcheka. Tumeona hapa hapa wazee wakitolewa kitandani, kidole gumba kikichovywa wino, na kesho yake fundi anajenga ukuta. Hofu yake ilikuwa na msingi. Aliyemshuku ndiye siye, lakini hofu yenyewe si ya kipumbavu.

Kilichonishinda kuvumilia ni kitu kingine. Katika mazungumzo yote hayo, ya Kinshasa na Bukavu, ya sista na mlinzi, hakuna hata mmoja aliyeingia chumbani kumuuliza mjomba anataka kuonana na nani. Mtu mzima, mwenye akili zake, ambaye bado anasahihisha Kifaransa cha daktari.

Nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye anahudumia wazee katika nyumba moja nchini Ubelgiji, kama dada zetu wengi waliokwenda huko. Nilitaka nimlalamikie mtu. Nilidhani atashangaa. Badala yake akanirudisha mwaka 2020.

Katikati ya Machi mwaka ule nyumba za wazee Ubelgiji zilifungwa kwa wageni. Virusi viliingia hata hivyo, pamoja na wafanyakazi, kwa kuwa barakoa hazikutosha. Zaidi ya nusu ya watu waliokufa kwa Covid nchini humo katika wimbi la kwanza walikuwa wakazi wa nyumba hizo, na shirika la Médecins Sans Frontières, lile tulilozoea kuliona Masisi na Rutshuru, liliingia Brussels kusaidia. Mdogo wangu anasema wazee walikuwa wakimuuliza yeye, mtu wa Bukavu, kwa nini watoto wao wamewatupa. Tarehe 15 Aprili serikali ilitangaza kwamba kila mzee anaweza kupokea mgeni mmoja, yule yule daima, asiye na dalili za ugonjwa kwa wiki mbili. Wakurugenzi na wafanyakazi wakapiga kelele kwamba hawakuulizwa na hawako tayari, na milango ikabaki imefungwa kwa muda zaidi. "Na wazee," mdogo wangu akaniambia, "nao nani aliwauliza?"

Kule, basi, ugomvi ulikuwa kati ya familia na nyumba. Kwetu ugomvi ni kati ya familia na familia, nyumba inakunja mashuka. Lakini yule aliye kitandani yuko mahali pale pale.

Nchi hizo baadaye ziliandika sheria, na nilizisoma, maana nina tabia mbaya ya kusoma sheria usiku. Ufaransa ilipitisha yake tarehe 8 Aprili 2024: mkazi wa nyumba ya wazee ana haki ya kupokea kila siku mgeni yeyote anayemchagua, na haruhusiwi mtu kumdai aitangazie nyumba mapema kwamba mgeni anakuja. Mkurugenzi anaweza kukataa ziara ikiwa inatishia usalama au afya ya watu, lakini lazima atoe sababu, mara moja, kwa mgeni na kwa mzee mwenyewe. Uingereza nayo, kwa upande wa England, kuanzia tarehe 6 Aprili 2024, ilizilazimisha nyumba za wazee, hospitali na vituo vya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha kuwezesha ziara isipokuwa kukiwa na sababu isiyo ya kawaida. Tena mzee asizuiwe kutoka nje kwenda kutembelea watu wake.

Nilimsomea mama ile ya Wafaransa nikimtafsiria. Akacheka sana. "Kumbe hata bazungu banahitaji sheria juu ya kuona mama yao?" Kisha akanyamaza, akaendelea kuchambua lengalenga, nami nikajua anafikiria kikapu chake.

Mimi kilichonishika ni maneno "anayemchagua". Haki ile hawakumpa mtoto. Hawakumpa anayelipa. Wala hawakuipa familia. Wamempa mzee, na mgeni anaingia kwa mgongo wa haki ya mzee. Ukiiweka hivyo, watu wengi ambao listi ya binamu isingewafikiria kamwe wanapata njia: jirani, wana shirika wa parokia, ile jumuiya ndogo waliokuwa wakisali naye, na hasa wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi sasa, ambao hawana damu naye hata tone lakini ndio wanaojua kumchekesha.

Sheria zetu zinasemaje? Katiba ya 2006, ibara ya 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Ibara ya 49 inasema mtu wa umri mkubwa ana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawalazimisha ndugu wa karibu kulishana. Umoja wa Afrika una protokali yake juu ya haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kufanya kazi Novemba 2024, na humo imeandikwa kwamba kuishi katika nyumba ya wazee kuwe ni hiari ya mzee na kuwe kwa bei inayowezekana. Ni maneno mazuri. Ila utaona yanaegemea wapi: kusaidia, kulisha, kulinda. Binamu yangu anatimiza ibara ya 40 kila mwezi kwa simu, bila kukosa, na hakuna mtu anayeweza kumwambia amevunja kitu. Anayelisha ametimiza. Geti halimo.

Nadhani najua kwa nini halimo. Ingia hospitali yoyote ya mji huu uone. Hakuna anayezungumzia haki ya kumtembelea mgonjwa, kwa sababu bila ndugu hospitali haiendi. Garde-malade, yaani ndugu anayemlinda mgonjwa, analala kwenye mkeka chini ya kitanda, anapika uani, anakimbilia dawa famasi, anamwosha mgonjwa, anamgeuza. Asiye na mtu anakaa akingoja garde-malade wa kitanda cha jirani amkatie kipande cha bugali. Kwa hiyo sisi ziara tumeijua kwa sufuria. Kumtembelea mtu ni kumpelekea, kumfanyia, kumwinua. Mkono mtupu haulambwi. Sasa mpeleke mzee mahali ambapo sufuria iko tayari na kuna wa kumwinua: ziara inabaki na kazi gani? Binamu alipoanza kulipa, alidhani amenunua na ile kazi ya kutembelewa. Na sisi wenyewe, tuseme ukweli, wangapi tuliokawia kwenda kwa mjomba kwa kisingizio kwamba "kule anakula"?

Lakini ziara isiyo na sufuria tunaijua. Tuliiona wakati wa Ebola. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200. Julai 2019 mgonjwa alipatikana Goma, na sisi wa Bukavu tukaanza kunawa mikono kwenye kila kizingiti na kupimwa joto bandarini. Mwanzoni watu waliogopa vituo vya matibabu kuliko ugonjwa. Ndugu yako anaingia kwenye hema, watu waliovaa kama wapiga mbizi wanamzunguka, siku tatu baadaye unaambiwa amekufa, na mfuko umefungwa. Utaamini nini? Wakasema humo ndani watu wanaibiwa viungo.

Huko Beni shirika la matibabu la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu, wanaviita CUBE. Mgonjwa yuko ndani, ukuta unaonyesha kila kitu, muuguzi anaingiza mikono kupitia glavu zilizoshonwa ukutani, na ndugu anakaa nje, karibu kabisa, akimwangalia mtu wake usoni. Hakuna sombe iliyopita pale. Hakuna aliyemgusa mtu. Ndugu walikaa tu, wakaongea, wakasali, wakaona sindano inachomwa wapi na nani. Na ile minong'ono ya viungo ikakosa pa kusimama, kwa sababu aliyekaa pale alikuwa amejionea. Mimi nikikumbuka kwamba jambo hilo lilifanyika Beni mwaka 2018, na mwaka 2020 Ulaya yenye nyumba za ghorofa ikasema haiwezekani mzee aonekane na mwanawe bila kuambukizwa, nashindwa kujua kama nicheke.

Mzee anayeonekana na watu wa nje si rahisi kumtesa. Hilo ni sehemu ya matibabu yake.

Sitaki, hata hivyo, mtu achukue maneno haya akafanye wimbo wa familia. Katika nyumba ile ile ya mjomba yuko mama mmoja ambaye hakuletwa na watoto, alikimbia. Walimwita mchawi baada ya mjukuu kufariki. Katika mkoa wetu neno hilo likishatoka mdomoni kuna wanawake wazee waliochomwa moto, kwa hiyo yeye kufika kwa masista akiwa na nguo yake moja ilikuwa ni bahati. Wanawe sasa wanakuja. Siku za sikukuu wanafika na sabuni na sukari, wanaandika majina kwenye daftari, na kwa kuwa ni damu yake mlinzi anafungua. Yeye akisikia sauti zao anajificha jikoni, nyuma ya magunia ya makaa. Kama haki ya kutembelea ni ya familia, basi wale vijana wana haki. Kama ni ya mama yule, sista angepaswa kumuuliza kwanza, na kuwarudisha na sukari yao.

Halafu kuna vita. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mji huu, wiki chache baada ya Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, kwa muda boti za ziwani zikasimama. Binamu yangu yuko Kinshasa, na Kinshasa ikawa mbali kuliko Brussels. Pesa zake zilichelewa, masista wakaendelea kupika na walichokuwa nacho. Katika siku zile watu waliofika getini kwa miguu walikuwa mama yangu, wana shirika wawili, na mmoja wa wale wanafunzi wenye mvi. Hawakuleta cha maana. Mjomba alikuwa anataka habari tu: nani yuko hai, nani amevuka Ruzizi kwenda Rwanda, kanisa limesimama. Aliwahoji mmoja mmoja kama mtihani wa mdomo. Ndiyo maana ile listi ilipokuja miezi kadhaa baadaye ilituuma hivyo: imeandikwa na mtu ambaye mwenyewe hawezi kufika mlangoni, ikiwafungia nje wale waliofika wakati kufika kulikuwa kugumu.

Hatukwenda mahakamani, mahakama gani, siku hizi? Kiongozi wa shirika lile la parokia alimwomba sista tukae wote uani, mjomba kwenye kiti chake, binamu kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chungu cha maua. Sista, nampa heshima yake, ndiye aliyeuliza swali lile jepesi: "Muzee, wewe unapenda nani aingie?"

Mjomba alikohoa. Akavuta muda kidogo, kama mwalimu anayetaka darasa litulie. Kisha akaanza kwa jina la mwanawe, na pale kwenye simu tukasikia mtu akivuta pumzi. Akataja dada yake. Akataja wanafunzi, kwa majina na madarasa waliyosoma, wengine wameshakufa. Juu ya parseli akasema hatasaini karatasi yoyote ndani ya ukuta ule, iletwe na nani, na kama siku moja atataka kusaini, wawepo mashahidi wa pande zote mbili. Sista akaandika kwenye daftari. "Mutoto yangu analipa, aksanti yake," mjomba akasema, "lakini geti haiko ya kwake. Nani alimwambia nilishakufa?"

Tukadhani amemaliza. Akaongeza wawili ambao hataki. Wa kwanza ni yule mchungaji aliyekuwa kwenye listi ya mwanawe, ambaye kila akija anamwekea mkono kichwani na kukemea roho ya uzee. Wa pili hakuwa mtu. "Na bale ba foto, hapana." Anawasema wale wanaokuja kila mwaka karibu na tarehe 1 Oktoba, siku ya kimataifa ya wazee, au wakati wa Noeli, na fulana za rangi moja na mifuko ya chumvi. Wanawapanga wazee mstari, wanampa kila mmoja mfuko, wanapiga picha, picha inaingia Facebook kabla mzee hajajua jina la aliyempa. Sista alibabaika, kwa sababu wageni hao ndio wanaoleta mchele. Tuliongea nao kwa marefu. Sasa wanapokelewa ukumbini, na asiyetaka kupigwa picha anabaki chumbani na mfuko wake anapelekewa. Wengi kuliko nilivyotarajia wamebaki vyumbani.

Ukiwa na mtu wako katika nyumba kama hiyo, hapa au Goma au Lubumbashi, muulize mapema, angali na sauti, angependa nani aingie na nani asiingie, na muulize mbele ya anayelipa. Yaandikwe. Usingoje mpaka awe mtu wa kunyoosha kidole tu. Na umuulize tena kila baada ya muda, maana wazee nao hugombana na kupatana.

Kwetu limebaki suala la saa. Ziara ni Jumanne na Alhamisi mchana, saa ambazo mama yuko sokoni Kadutu na meza yake, na mwanamke wa Kadutu hafungi meza Alhamisi. Jumamosi asubuhi kuna salongo, kazi za pamoja za mtaa. Tumeomba Jumapili baada ya misa ya pili. Sista anasema Jumapili ana wafanyakazi wawili tu na hawezi kuwaweka getini; wanafunzi wa mjomba wamejitolea kulinda geti kwa zamu, jambo ambalo yeye mwenyewe analipinga kwa sababu mmoja wao, anasema, alikuwa mchelewaji tangu darasa la nne. Jibu bado. Binamu naye ameandika kutoka Kinshasa akiuliza kama Jumapili mtandao wa kule kilimani unatosha kwa video.